Koti la Mtu Aliye Hai

Jumanne asubuhi, kabla sijafungua hata gunia moja la viatu, mama anayeuza chai mkabala na kibanda changu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Katika soko la Kakamega hakuna anayekushika hivyo bure. Ama anataka kiatu kwa bei ya soksi, ama kuna msiba.

"Pole," akasema.

"Ya nini?"

"Ya mzee wa senje yako. Nimesoma jana kwa ukuta."

Senje ni shangazi, dada ya baba. Huyu wangu ameolewa Shinyalu, pembeni mwa msitu, na mzee wake nilikuwa nimemwacha Jumapili jioni akisukuma ugali kwa paja la kuku ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeliwekea macho. Mtu anaweza kufa kati ya Jumapili na Jumanne, sikatai. Lakini kwetu maiti haipoi kabla hujatiwa kwenye kikundi cha simu cha kuchangia mazishi, na simu yangu ilikuwa kimya.

"Ukuta gani huo unaotangaza vifo?"

Akanieleza. Katika ukumbi mmoja pale mjini wameleta maonyesho ya picha zilizoshinda tuzo, picha za kweli za watu na mazingira yao. Kuingia ni bure. Yeye aliingia kukwepa mvua, akamwona senje kwenye picha moja, akasoma maneno ya chini yake, akatoka na habari ya kifo.

Nikamwachia kibanda, nikaenda.

Ukumbini kulikuwa kimya kama kanisani siku ya kazi. Picha zilikuwa kubwa, nyingine kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Mto uliokauka ukapasuka kama kisigino. Wavulana wakiogelea katikati ya chupa za plastiki, wanacheka. Mwanamume amebeba mbuzi mabegani, maji yamemfika kifuani, na ni mbuzi anayeonekana kujua wanakoenda. Nilizihesabu, kwa sababu mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Ukinunua viatu kwa gunia utaelewa, unaweza kupewa vya mguu wa kushoto vitupu. Mara ya kwanza zilikuwa thelathini na moja. Mara ya pili, thelathini na mbili. Niliyoiruka ilikuwa ya senje.

Niliiruka kwa sababu sikumtambua. Senje ninayemjua ni mtu wa kelele na mwiko. Huyu wa ukutani alikuwa amesimama kwenye ukungu wa asubuhi, nyuma yake msitu, mbele yake mti mkubwa umelala chini mizizi juu. Amevaa koti refu la mwanamume, kofia ya mwanamume, fimbo mkononi. Kichwa ameinamisha. Mwanga ulikuwa umemshukia begani vizuri hata nikajiuliza kama ni Shinyalu hiihii.

Chini yake kulikuwa na kadi: "Mjane aomboleza msitu. Akiwa amevaa koti la marehemu mumewe, anainama mbele ya mti ulioanguka. Amepoteza mume; sasa anapoteza msitu."

Nikaisoma tena, kisha nikatoka nje kucheka, maana ndani palikuwa na walimu.

Mgeni hawezi kufanya kosa lile. Linahitaji mtu wa kwetu. Mzee akifa, mkewe huvaa koti lake, hushika fimbo yake, na watu wakimwona hivyo hawaulizi maswali. Mjane haulizwi nani amekufa. Unasema pole, unainamisha macho, unapita. Ndivyo alivyofanya kijana wa Shirere, mtaa wa hapa mjini, aliyekuwa akimtembeza mpiga picha mgeni. Alimwona mama amevaa koti la mzee alfajiri, peke yake, kichwa chini, akafanya heshima yote aliyofundishwa nyumbani. Kama angekosa adabu kidogo tu, akauliza, mzee wetu angekuwa hai mpaka leo bila mjadala.

Mimi niliijua asubuhi ile. Mzee anafuga fahali wa kupigana, mnyama mweusi mwenye shingo kama tangi la maji, anayemsikiliza mtu mmoja tu duniani. Wiki ile mzee alikuwa kitandani, goti limevimba. Fahali akakata kamba usiku akaingia msituni. Senje hangeweza kumkaribia akiwa na harufu yake mwenyewe, kwa hiyo akavaa harufu ya mzee: koti, kofia, fimbo. Nilidhani ameinamisha kichwa kwa sababu alikuwa anatafuta nyayo za kwato kwenye matope. Ule mti uliangushwa na upepo, na kilichomuudhi senje kuhusu mti huo ni kwamba ulikuwa umelalia njia.

Nikapanda bodaboda kwenda Shinyalu kuwapa habari ikiwa bado mpya. Nilichelewa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamenitangulia na sukari na unga, wakamkuta marehemu mlangoni akichonga mpini wa jembe. Mmoja alikalia udongo. Sukari haikurudishwa.

Mzee hakuona kichekesho. "Kumlilia mtu mzima ni kumwita kaburini," aliniambia. "Jumamosi kondoo wa kanisa wote wanaenda huko kuangalia mapicha. Watanililia mara ya pili. Mimi nitaenda na panga niitoe."

"Kuitoa nini?" Senje alikuwa anatoka jikoni. Yeye alikuwa ameambiwa habari ya kifo tu. Habari ya picha hakuna aliyekumbuka kumpa.

"Picha yako," nikamwambia. "Iko mjini, kubwa kama mlango."

Aliweka sufuria chini. "Niko namna gani?"

Nikajua hapo kwamba kesi ni mbili.

Jumatano niliwaleta wote wawili. Mzee alikuja bila panga, baada ya majadiliano. Senje alikuja na gauni la Krismasi na viatu nilivyomuuzia kwa bei ya familia, ambayo ni bei ya kawaida ukiongeza salamu. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye kadi, akaanza kuisoma kwa kidole. Senje alisimama hatua chache nyuma, akatazama. Akageuza shingo, akajaribu kuuona mgongo wake mwenyewe.

"Sikujuanga mgongo yangu iko hivyo," alisema.

"Iko namna gani, senje?"

"Kama ya mtu." Akasogea karibu. "Mimi niko na picha moja tu maisha yangu yote, ya kitambulisho. Pale nafanana na mtu ameiba kuku akashikwa. Hii ndiyo nataka mtu akumbuke."

"Inatoka leo," mzee akasema akiwa bado kwenye kadi.

"Haitoki."

"Mimi nimekufa hapa!"

"Wewe umekufa kwa karatasi. Mimi nimeishi kwa ukuta. Usiniharibie."

Msimamizi wa maonyesho akaja kuona nani anagombana mbele ya mazingira. Alikuwa msichana wa Nairobi, miwani ya duara, sauti ya upole ambayo nilidhani ni udhaifu. Nikamvuta kando. Katika biashara unaanza na bei ya kumtoa mtu pumzi, kisha unashuka polepole ukimwonyesha machungu.

"Madam, tunataka picha itolewe, tangazo lisomwe redioni, na familia isafishwe kwa kondoo mweupe."

"Haiwezekani," akasema. "Maneno ni ya mpiga picha. Tuzo ilipewa picha na maneno."

"Basi acheni kondoo."

"Na redio?"

"Redio pia. Lakini neno mjane litoke kabla ya Jumamosi, na mama apewe nakala yake."

"Mna uthibitisho kwamba mumewe yuko hai?"

Nikamwonyesha mzee, aliyekuwa sasa anaikwaruza kadi kwa ukucha.

Alimtazama, akalinganisha koti la mzee na koti la ukutani, hata kifungo cha juu kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Mdomo wake ukatetemeka kidogo. Alikuwa mtu mzuri, alijizuia. Akatoa simu. "Mimi sibadilishi neno la mtu bila yeye. Tumuulize."

Mpiga picha alikuwa nchi za mbali, wakati wa kuamka. Msimamizi alimweleza kwa Kiingereza, kwa urefu, kisha akaweka simu katikati yetu akawa anatafsiri.

"Anasema ameaibika sana. Anaomba msamaha kwa mzee."

"Mwambie mimi sijambo," mzee akaiambia simu kwa sauti ya juu, kama mtu anayevusha ujumbe mto.

"Anasema yule kijana alimwambia mama pole, na mama akajibu asante. Wakaamini."

"Sasa ningesema nini?" senje akauliza. "Ng'ombe imepotea, mtu anakuambia pole. Nilidhani wamesikia huko barabarani. Nikafikiri watanisaidia kutafuta. Wao wakaniambia nisimame hapo hapo nisisogee."

Maneno hayo yakavuka ng'ambo. Kisha swali likarudi.

"Anauliza, kwani fahali alikuwa wapi wakati huo?"

"Nyuma ya huyo mwenye kamera," senje akasema. "Anakula maharagwe ya watu. Mimi namwonyesha na macho, yeye ananiambia niangalie chini."

Hapo msimamizi alishindwa. Aliinama, miwani ikaanguka, akacheka akiwa ameshika goti langu badala ya lake. Simu nayo ilikuwa inacheka. Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiria maharagwe yale, maana mwenye shamba alikuwa hajajua hadi siku hiyo ni nani aliyeyala.

Tukaelewana. Picha ibaki. Kadi mpya iandikwe, mpiga picha ataisoma kwanza. Nakala ya mama itachapwa. Nilikuwa naanza kujipongeza, ndipo msimamizi akavaa miwani yake.

"Na nyinyi mnatoa nini?"

"Sisi ndio tuliokosewa, madam."

"Nimekubali yote isipokuwa kuitoa picha, kondoo na redio, ambavyo hukuvitaka. Mimi pia nimelelewa dukani." Alisema hivyo kwa upole uleule. "Jumamosi kanisa lenu linakuja, na nina shule tatu. Sina mtu wa kuwatembeza kwa Kiswahili. Wewe unaongea vizuri."

Jumamosi ni siku yangu kubwa ya soko. Nilitoa sababu zote nilizo nazo, nikazipanga upya, nikazitoa tena. Akangoja nimalize, kama ninavyowangojaga wateja wangu. Nilijua ninachofanyiwa na sikuweza kuzuia. Nikakubali kuanzia asubuhi hadi saa kumi.

Kadi mpya ilibandikwa Ijumaa, na wazee wangu wakarudi kuikagua. Senje alikuwa amekataa maneno marefu. Iliandikwa: "Mama huyu anamtafuta fahali wa nyumbani kwake. Amevaa koti la mumewe ili fahali amtambue. Mumewe yuko hai."

Mzee akaisoma kwa kidole mpaka nukta ya mwisho, akarudia ile sentensi ya mwisho peke yake, kisha akainua uso. Ndipo nilipogundua kwamba siku zote mbili alizokuja pale alikuwa amesoma kadi tu. Picha yenyewe hakuwa ameitazama.

Aliitazama sasa. Akavua kofia. Akarudi nyuma hatua moja ili imwingie yote.

"Ulikuwa kwa baridi namna hiyo," alisema, "na mimi niko kitandani."

"Ulikuwa unalia juu ya goti," senje akasema. "Nilikusikia mpaka msituni."

"Sikulia."

"Ulilia."

"Na hiyo koti inakukaa."

"Inanikaa kukushinda."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoweza kuipinga. Kisha akamwita msimamizi, akamuuliza kama ile nakala ya mama inaweza kuchapwa kubwa zaidi, kwa sababu ukuta wake wa sebuleni ni mpana. Msimamizi akanitazama mimi. Nikaangalia chini haraka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Kubwa zaidi inawezekana. Jumapili pia nina shule," akasema.