Nguzo za Marhoon na Magoti ya Mahfoudha

Tangu warudi kutoka Bara Hindi, Bi Mahfoudha ana magoti mapya na mumewe Marhoon ana hekalu. Magoti hakuna anayeyaulizia. Hekalu ndilo linalosimuliwa asubuhi na jioni.

Bi Mahfoudha alipokuwa amelazwa hospitali, magoti yote mawili yamebadilishwa na kufungwa bendeji, Marhoon alikodi gari akaenda siku mbili kutazama hekalu la kale la Wajain, watu ambao dini yao inawakataza kuua hata sisimizi. Ukimsikiliza hapa mtaani kwetu Bawshar utadhani alialikwa na waashi wenyewe. Marumaru tupu! Nguzo elfu na ushei, wala huoni mbili zenye nakshi moja. Nguzo moja imepinda makusudi, ati mjenzi akiri kwamba hakuna binadamu aliyekamilika. Kati kuna sanamu ya mtakatifu wao yenye nyuso nne, na milango ni minne, ili mtu atokako kokote akute amepokewa.

Sanamu aliiacha hukohuko, astaghfirullah. Nguzo alizitaka. Akajenga ukumbi wa wageni uani, nguzo za nakshi kila upande, moja imepinda kwa ajili ya unyenyekevu, na hiyo ndiyo anayojivunia kuliko zote. Na kwa kuwa hekalu limeinuliwa juu, ukumbi nao ukawekwa juu ya ngazi ndefu za marumaru. Mwenye magoti mapya hapandi. Bi Mahfoudha alilisema hilo mapema, akaambiwa ndivyo usanifu ulivyo. Likamuuma.

Siku ya Idi wageni wakaja. Bi Mahfoudha alikuwa kitini chini ya ngazi, haluwa na birika la kahawa pembeni yake. Wageni wakamkuta hapo, wakakaa naye. Huko juu Marhoon anawaita waje kuona nguzo ya unyenyekevu.

"Tunakuja, bwana," alijibu jirani yao Shaikha, akamega haluwa nyingine.

Mwishowe Marhoon akashuka mwenyewe, polepole, kashika ukuta, akaketi ngazi ya chini kabisa. Mkewe akammiminia kahawa.

"Nawe magoti yanakuuma?"

"Yananiuma." Akaizungusha finjani mkononi, akamwita kwa jina la mwana wao. "Mama Aws, kule nilikuacha peke yako."

"Uliniacha." Neno hilo alikuwa akilingoja tangu hospitali. Akaliweka birika chini. "Kesho mwite fundi avunje hizi ngazi, aweke mteremko. Na mimi nnataka kuingia ukumbi wa nyumbani kwangu."