Ufito, Mwokaji Aliyekatazwa Mkate

Mtaani kwetu mume wangu aliitwa Ufito. Jina alipewa na wateja wake, tena mimi nikisikia, na wala hakukasirika. Ungemwona amesimama mbele ya tanuri lake, aproni imemzunguka mara mbili, mikono mirefu imejaa unga mpaka kwenye viwiko, usingeamini kwamba huyo ndiye anayewalisha watu mkate kuanzia sokoni mpaka kituo cha polisi. "Mwokaji gani wewe huna hata kitambi?" walimtania. "Au mikate yako unaiogopa mwenyewe?" Naye anacheka, anawafungia mkate wa moto, anawaaga. Aliyekuwa anaumia ni mimi. Mwanamume akikonda, watu hawamwangalii yeye, wanamwangalia mke wake.

Na mimi nilikuwa nampikia, jamani! Wali, maharage, mayai, nyama ikipatikana. Alikula vizuri tu, na bado suruali zilikuwa zinamvuka. Tumbo linajaa gesi mpaka linang'aa. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo choo hakipati kabisa. Vidonda vya mdomoni haviishi. Na huo uchovu wake sijui niuelezeje: alikuwa anakaa kitandani kuvua viatu, usingizi unamchukua kiatu kimoja kikiwa bado mguuni. Tulitibu minyoo. Tulitibu vidonda vya tumbo. Tulitibu homa ya matumbo mara nyingi mpaka yule muuza dawa akawa anatuona kwa mbali anaanza kufunga vidonge.

Mama mkwe wangu yeye hakuwa na wasiwasi. "Hilo ni tumbo la kwetu," alikuwa anasema, na ukimsikiliza vizuri utasikia kama anajivunia. "Baba yake mdogo alikuwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niko hivyo hivyo. Sisi ni watu wa tumbo." Na dawa ya tumbo la kwao ilikuwa moja, alifundishwa na mama yake: vipande vya mkate vinakaushwa juu ya jiko la mkaa mpaka viwe vya kahawia, halafu mgonjwa anavichovya kwenye chai ya rangi. Kila aliposikia mwanawe kalala, alikuja na mkate wake umefungwa kwenye kitambaa safi. Mume wangu alikula wote, maana ni mama. Kesho yake tumbo linachachamaa zaidi. "Dawa inapambana," anasema mama mkwe, anaenda kukausha mwingine.

Siku aliyoanguka, alikuwa anatoa trei kwenye tanuri. Nilisikia kishindo nikiwa dukani upande wa mbele. Nilimkuta chini, mikate imetawanyika, midomo yake haina rangi. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Tulimbeba mpaka hospitali, na huko wakasema damu imekwisha mwilini. Nilijua mume wangu anakufa, na sijui kinachomuua ni nini.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama mmoja mtulivu, asiye na haraka. Hakuandika dawa. Aliuliza, "Asubuhi unakula nini?"

"Mkate," akasema mume wangu.

"Mchana?"

"Wali. Na mkate kidogo."

"Jioni?"

Aliniangalia kwanza. "Mkate uliobaki."

"Kazi yako?"

"Mwokaji."

Daktari aliweka kalamu mezani.

Akatueleza taratibu. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. "Nakijua," mume wangu akadakia, "ndicho kinachofanya unga uvutike." Daktari akatabasamu. Akasema kuna watu ambao mwili wao ukikiona kitu hicho unadhani ni adui, unaanza vita, na katika vita hiyo unauchana utumbo wake wenyewe. Ugonjwa unaitwa seliaki. Mtu anakula, chakula kinapita tu, mwili haupati kitu. Nilikumbuka masufuria yote niliyopika nikashika kichwa. "Mkate?" nilisema kwa sauti kubwa. "Mkate huu huu wanaokula watoto?"

"Huo huo. Lakini tupime kwanza. Na mpaka vipimo viishe, asiache kuula. Akiacha sasa hivi, vipimo vinaweza visione kitu."

Basi mwenzenu nikarudi nyumbani na agizo la kumlisha mume wangu kitu ninachodhani kinamuua. Kila asubuhi nilikuwa nakata mkate huku machozi yananitoka, nampelekea, ananiambia, "Lete, mke wangu, tumalize kazi." Mama mkwe alitukuta hivyo siku moja, sahani imejaa, akafurahi kweli. "Eeh, sasa ndiyo umejua kumuuguza," akaniambia. Nikakata kipande kingine.

Damu ilipoonyesha dalili, ikabidi wamwingize mpira wenye kamera tumboni. Siku ya majibu tulikwenda wote watatu, mama mkwe akiwemo, na daktari akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone. Loo! Kulikuwa na njia ndefu, nyekundu, yenye unyevu, inameta. Mama mkwe alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hapo ni ndani ya mwanangu?" akauliza kwa sauti ya chini, kama yuko mahali pa ibada. "Ndani kabisa, mama," daktari akamjibu. Akaonyesha picha nyingine ya mtu mzima wa afya, iliyokuzwa: utumbo umeota vinyuzi vidogo vidogo vilivyosimama, kama taulo jipya. Halafu akaonyesha kipande walichokata kwa mume wangu. Taulo limelika. Hakuna kilichosimama. Nilimwangalia yule mtu niliyelala naye miaka yote hiyo nikashangaa kwamba alikuwa anatembea, anakanda unga, anacheka na wateja, na ndani yuko hivyo.

"Vinyuzi hivi vinaota upya," daktari alisema. "Mwili wenyewe utavirudisha. Lakini ngano, mpaka mwisho wa maisha yako, hapana. Hata chembe. Na ndugu wa damu nao wapimwe, maana huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo."

"Mimi sina ugonjwa," mama mkwe akasema haraka. "Mimi nina tumbo tu."

Lakini nje, kwenye benchi, alikaa akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ule mkate wangu," alianza, hakumaliza. Mume wangu alichuchumaa mbele yake. "Mama, hakuna aliyejua. Hata mimi niliyeuoka sikujua." Tulimsindikiza mpaka kwake, akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa muda mrefu hakuja tena kwetu.

Sisi tukaanza maisha mapya. Nilibadilisha kibao cha kukatia, chujio, mwiko, kila kitu kilichowahi kugusana na unga. Niligundua ngano imejificha kila mahali: kwenye soseji, kwenye mchuzi wa soya, kwenye supu za pakiti. Nilikuwa nasimama dukani nasoma maandishi ya nyuma ya pakiti mpaka mwenye duka akaniuliza kama natafuta kazi. Nilisoma mpaka pakiti ya chumvi! Mume wangu naye akajaribu kuoka mkate wa mchele na muhogo. Wa kwanza ulitoka tofali. Kisu kilikataa. Jirani alichungulia akauliza kama tunaanza kujenga, na siku hiyo tulicheka mpaka mbavu zikauma, ingawa mwenyewe nilikuwa na hofu.

Hofu yenyewe ilikuwa na sababu. Miezi ilipita, hakuonja hata kipande cha mkate, na alipopimwa tena damu ilikuwa bado mbaya. Nilimtazama kwa jicho baya njia nzima, nikidhani ananiibia, anakula mkate kwa siri. Daktari ndiye aliyeuliza, "Bado unaingia chumba cha tanuri?"

"Naingia. Lakini sili."

"Unga ukiwa hewani unaufanyaje?"

Kila mwokaji anakohoa unga, anapiga chafya ya unga, analala na unga kwenye nyusi. Na chumvi ya kinyunya, yaani unga uliokandwa, yeye hakuwahi kuipima kwa kijiko. Alikuwa anagusa kwa ncha ya ulimi, kisha anatema. Tangu ajifunze kazi alifanya hivyo. Kwake huko hakukuwa kula, ndiko kuoka kwenyewe. Tulipotoka alisema, "Basi, ni tanuri au ni mimi." Mdogo wake alikabidhiwa tanuri wiki hiyo hiyo. Mume wangu alivua aproni, akaikunja, akaja kukaa nyumbani, mikono yake haijui pa kukaa. Nilimhurumia kuliko siku aliyoanguka.

Halafu mambo yakaanza. Kwanza vidonda vya mdomo vikapotea. Kisha mashavu yakajaa, nikawa namkazia macho mezani mpaka ananiuliza kuna nini. Akaanza kuimba bafuni, na kumbe hajui kuimba. Halafu siku moja akabishana na mimi juu ya rangi ya mapazia. Mume wangu! Mtu ambaye miaka yote ukimwambia "nyeupe" anasema nyeupe, ukimwambia "nyeusi" anasema sawa, mke wangu. Nilikuwa nikiwasifia wenzangu upole wake. Kumbe upole ule wote ulikuwa uchovu! Nilikaa kwenye kochi nikamwangalia anavyorusha mikono, anadai rangi ya kijani, nikahisi nywele zinanisimama. Nilikuwa nimeolewa na mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Na huyu mpya nilimpenda mpaka nikaona aibu, mapazia tukaweka ya kijani.

Alipata kazi ghalani, kwa wauza mchele. Jioni moja alikuwa anashusha gunia mlangoni kwetu, amelibeba begani peke yake, anamwimbia jirani wimbo wa kumkera, na jirani anamjibu. Hapo ndipo mama mkwe alipotokea. Alisimama pale nje, mikono mitupu, akamtazama. Mimi nilikuwa dirishani, namwona vizuri usoni. Hakumtambua. Nasema kweli, mama aliyemzaa hakumtambua, mpaka alipoweka gunia chini na kugeuka.

"Mama! Karibu, mbona umetususa hivyo?"

Alimwendea akamshika mashavu kwa viganja vyote viwili. Akayabonyeza kidogo, kama anahakikisha ni yake. "Nimekuzaa," akasema, "nimekulea, nimekuoza mke. Na sikuwahi kukuona."

Nilimvutia kiti akakaa. Mume wangu akaketi sakafuni karibu yake. Mama mkwe aliuliza maswali mengi: alianza lini kucheka kwa sauti ile, alianza lini kubeba vitu vizito, kama usingizi wa mchana bado unamwangusha. Kila jibu alilipokea kwa kutikisa kichwa, macho yamemtoka. Kisha akaangalia mikono yake yenye mifupa myembamba, akaigeuza huku na huku.

"Hicho kipimo cha damu," akasema, "kinauma?"

"Sindano tu, Mama."

"Maana miaka yote hii nimesema mimi ni mtu wa kuchoka upesi. Mtu asiyependa kelele. Mtu wa kulala mapema." Akaishusha mikono mapajani. "Huenda huyo si mimi."

Alikuwa na wajukuu wakubwa, mama mkwe wangu, mvi zimejaa kichwa kizima.

"Nipelekeni nipimwe," akasema. "Kama yupo mwingine humu ndani, nataka nimwone kabla sijafa."

"Kesho asubuhi nakupeleka, Mama," mume wangu akamwambia.

"Kesho ya nini?" alisema, na tayari alikuwa amesimama. "Si kwenye dharura wako wazi hata sasa hivi?"