Mjomba, ile katuni ya angani ulituongopea

Jamani, leo nimegundua nimedanganywa miaka thelathini. Na nimeshukuru.

Mnakumbuka mabanda ya video? Lile letu la Ndungu lilikuwa la mjomba wangu, Eliudi. Mtafsiri alikuwa yeye mwenyewe, maiki mkononi. Sehemu za wakubwa aliziba skrini kwa kofia 😂

Mimi nilipenda moja tu, katuni ya vita vya sayari.

Mjomba alituambia watu wa sayari ya juu wamefungulia maji ya ndiva siku isiyo zamu yao. Wapare sisi, ndiva ni bwawa letu la mfereji, zamu zake tunazijua. Tuliwachukia kweli kweli!

Mwishoni mama mmoja, rubani wa chombo cha angani, alilala. Amechoka, mjomba akasema, kesho ataamka.

Leo nimeipata mtandaoni. Kiingereza sasa nakijua.

Hakuna ndiva.

Maji yenyewe hakuna! Wanapigania jiwe.

Na yule mama hajalala. Amekufa.

Nikampigia mjomba, siku hizi yuko Gonja.

"Shikamoo mjomba. Kumbe ile katuni ulikuwa unatunga?"

"Marahaba. Kiingereza ningekitoa wapi mimi?" Akacheka sana.

"Sasa mtu kufa si kunaonekana tu? Mbona ulisema kalala?"



"Wewe ulikuwa umekaa mbele kabisa. Na dada yangu, mama yako, tulikuwa tumemzika wiki ile. Ningesemaje?"

Mliokuwepo kwenye banda lile, mwandikieni hapa chini, nitamsomea.

Mimi naiangalia tena. Sauti nimezima.