Mbuzi Nawajua Wote

Ejok, hamjambo jamani! Sogeeni. Wewe mzee, vuta miguu yako hapo watu wakae. Na nyinyi mlio na watoto nasari, njooni karibu kabisa. Hii leo mtaicheka, lakini siku yenyewe uso wangu ulichemka mpaka mtu angeweza kunipikia chai kichwani.

Kazi yangu mnaijua. Nanunua mbuzi hapa Kakuma, napeleka soko ya Lodwar, nikimaliza narudi kununua wengine. Nyumbani nalala kama mgeni. Lakini mbuzi, wacha! Mbuzi nikimwona mara moja simsahau mpaka nife, na nikifa nitamwota. Si kila boma hukata masikio ya mbuzi wake kwa alama yake? Niletee sikio peke yake, nitakwambia ni nani alilikata, boma gani, na kama siku hiyo alikuwa ameshiba. Mbuzi akikohoa nyuma ya ua nasema, "Huyo ni yule mweusi wa tumbo nyeupe." Na ni yeye!

Msichana wangu mdogo alipenda sana hiyo ya kukohoa. Nikianza kujigamba anakuja kukaa miguuni pangu, mdomo wazi.

Basi akaanza nasari. Mama yake ndiye alimpeleka, mama yake ndiye alibeba maji ya kupika uji ya shule, mama yake ndiye alikaa kwa kila mkutano. Mwalimu akiuliza baba yuko wapi, jibu ni Lodwar. Mpaka watoto wakaanza kumchokoza: "Wewe huna baba. Wewe uko na Lodwar."

Ndipo mwalimu akaita wababa wenyewe, hakuna kutuma mama. Msichana akanivuta shuka. "Baba, utakuja?"

"Mama, nitakuja hata kama barabara imebebwa na mto!"

Na nilikuja. Nilitoka Lodwar juu ya lori la samaki kavu ya Kalokol, na nilinuka mpaka paka zote za Kakuma zikanisindikiza hadi mlango wa shule.

Mwalimu alitukalisha kwa viti vya watoto, magoti yangu yakafika masikioni. Watoto wenyewe walikuwa kwa mkeka, wametupa mgongo. Wote wamenyolewa, wote fulana ya kijani.

"Ni mchezo tu, wazazi," akasema. "Kila baba aende amshike mtoto wake bega. Watoto, hakuna kugeuka, hakuna kuita."

Nikacheka. Karibu yangu alikuwa Msomali mmoja, yule huniuzia sukari. Nikamwambia, "Hii nayo ni mchezo? Mimi natambua mbuzi kwa mkia!"

"Wallahi, nenda basi tuone."

Nikaingia katikati. Migongo! Shingo zote ndogo, masikio yote mazima, hakuna hata moja imekatwa. Nikaenda, nikarudi. Wababa wengine wanashika, watoto wanaruka wanawakumbatia. Mtoto mmoja hapo mbele akakohoa. Nikasema ni vumbi. Akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha mzee wa tumbaku. Nikasema moyoni, huyu wazazi wake wampeleke hospitali, nikampita.

Nikachagua shingo moja nzuri, nikashika bega kwa maringo. Ikageuka. Kijana! Tena kijana wa Msomali.

"Ndugu yangu," Msomali akaniita, "huyo ni wangu. Rudisha."

Watu walicheka mpaka mabati ikalia. Mimi pia nilishafungua mdomo nicheke. Halafu nikaangalia mkeka. Amebaki mmoja tu. Hajageuka, kwa sababu mwalimu alisema hakuna kugeuka. Amekaa wima, na bado anakohoa, lakini sasa polepole, kama hataki mtu asikie.

Mdomo ukajifunga wenyewe. Nikaenda nikamshika bega, na mkono wangu ulikuwa mzito kuliko gunia la mkaa. Hakuruka. Alisimama tu akapanguza macho na ile fulana.

Tukaondoka. Jua lilikuwa lile la kufanya hata kivuli kitafute kivuli. Nikampa mkono, hakushika. Nikamwambia habari ya paka, hakucheka. Nilitamani ardhi ya Kakuma ipasuke inimeze, na harufu yangu yote ya samaki.

Pale lagani, kwenye mto mkavu, mbuzi walikuwa wanavuka mchanga. Na huu mdomo wangu, jamani, haujui kunyamaza. Nikafikiri nitamfurahisha. "Mama, unaona yule mwekundu nyuma? Angalia sikio limekatwa kwa mbele. Huyo ni wa shemeji yangu, hata nikiwa nimelala namjua!"

Msichana akasimama. Akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi. Akashika sikio lake, akalivuta mpaka karibu na kisu changu cha kiunoni:

"Baba, basi nikate na mimi."