Ng'ombe Waliolia Njiani Kwenda Kamuli

Asubuhi moja nilitoka Kayanga bila kujua niendako. Mjomba wangu, mwuza nguo, alinikuta nafunga mkeka. "Chuo uliacha, sasa unaacha na duka?" Nikamjibu kwamba nataka kuona vilima vya kaskazini vinaishia wapi. Akanifungia chumvi ya njiani.

Siku ya tatu, jua la utosini, nilipita bwawani ambako watu walikuwa wakinywesha mifugo. Ng'ombe wawili walitokwa na machozi na udenda. Nikashangaa, nikaenda zangu.

Alasiri niliingia Kamuli. Migomba iliziba nyumba zote, nikafuata vicheko. Mwanamke aliyeitwa Mama Kokugonza alikuwa amekaa na vijana wanne wakimenya ndizi.

"Mgeni, hiyo kanzu iliwahi kuwa nyeupe?" akauliza msichana mmoja.

"Siku moja tu," nikasema.

Mama alinipa buni za kahawa za kutafuna, akanieleza kazi yake. Aliletewa vijana walioelemewa na misiba. Wakiwa wanamenya, kila mmoja alitaja alichopoteza, kisha alichojifunza kwa kukipoteza.

"Mimi mama yangu alifariki," alisema yule msichana. "Sasa najua kumtofautisha mtoto anayelilia chakula na anayelilia mtu."

Zamu ikamfikia Kaijage, wa miaka kumi na sita. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yake, na yeye ndiye aliyewachunga. Tangu hapo alipiga watu na kuvunja vyungu. Baba yake mdogo, aliyekaa mlangoni, alikuwa amechoka. Kesho angemtoa aende na msafara wa wapagazi.

"Sikujifunza kitu," Kaijage alisema.

Nikatania: "Mimi leo nimeona ng'ombe wanalia kama wafiwa."

Kisu kikamponyoka Kaijage. "Na udenda? Walikunywa wapi?"

Nikamweleza bwawa lilipo.

"Wetu walianza hivyo hivyo. Nikadhani ni vumbi." Akageuka. "Baba mdogo, wako wanakunywa hapo?"

"Nitawapeleka kesho asubuhi."

"Wasiende! Na majirani waambiwe leo."

"Nani atawaonyesha dalili?"

"Mimi."

Mama Kokugonza aliendelea kumenya. "Kwa hiyo umejifunza nini, mwanangu?"

"Kutazama macho ya ng'ombe, mama."

Baba mdogo akachukua fimbo yake. "Twende. Wapagazi watafute mwingine."

Kaijage alinigeukia. "Mgeni, lala kitandani kwangu. Nina maboma mengi ya kupita."

Nikatandika mkeka wangu pale. Mimi niliyejisifu kwa udadisi nilikuwa nimeyaona machozi yale, nikapita.