Baba Alivyolinda Ekzosi Yake

Gari la baba lilikuwa limefikia mahali pa aibu. Akiliwasha alfajiri kwenda msikitini, mbwa wa Segerea nzima wanaitikia, na mama jirani, mtu asiyejua kumeza neno, alinisimamisha getini akaniuliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeliwa na kutu kuanzia katikati hadi mkiani. Baba aliifunga kwa kipande cha kopo la mafuta ya kupikia na waya. Kila tulipopita kwenye tuta kopo liligonga chini, naye akacheka peke yake.

Mimi si mtu wa kutulia hata siku njema, na wiki ile sikutulia kabisa. Kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani, akakaa sebuleni bila kugusa chai, akamwambia baba kwamba yeye na wadogo zake wamekubaliana. Gari litapelekwa kwenye ukaguzi wa trafiki kama kawaida, na safari hii likikataliwa, liuzwe, mzee apumzike na mambo ya usukani. Wamekubaliana wao! Mimi ninayekaa na mzee, ninayempikia na kugombana naye, sikuulizwa.

"Na likipita?" baba akauliza.

"Likipita, baba, hatutalisema tena."

"Haya. Nimewasikia."

Alisema kwa upole, lakini vidole vyake vilikuwa vinasugua goti. Nikapandwa na hasira nikaondoka pale na vikombe vyao vikiwa vimejaa. Tangu mama afariki, gari lile ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Kila asubuhi alikwenda Kariakoo kunywa kahawa na wastaafu wenzake wa bandarini, akapitia sokoni kununua samaki ambao hakuna aliyemwagiza, akarudi amechangamka na habari za mji mzima. Nilimwona akilini bila gari, amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, anamsubiri mtu mwenye nafasi. Moyo wangu ulikataa. Nikaamua ekzosi itapona, na likibaki suala la kaka zangu nitapambana nao mwenyewe.

Jumamosi tukaenda gereji Tabata. Aliendesha yeye, polepole, na mimi pembeni yake mguu wangu unakanyaga breki isiyokuwepo. Kwenye makutano aliniuliza, kama alivyozoea, "Haya mwalimu, taa inasemaje?" Nikajibu nyekundu. Ulikuwa mchezo wetu tangu aliponifundisha kuendesha kwa gari hilohilo, na sikuwahi kujiuliza kwa nini haukuisha nilipopata leseni.

Fundi aliingia chini ya gari, akatoka na unga wa kutu usoni.

"Shikamoo mzee. Hii si ya kuzibwa tena. Bomba tunakata, tunachomelea jipya, na sailensa tunabadilisha. Ila masega yako bado mazima kabisa."

Alipotaja masega, baba akakaza uso. Masega ni lile pande la ndani ya ekzosi lenye vitundu kama sega la nyuki. Lina madini ghali ndani yake na lina wanunuzi wake mjini. Ukiliacha gari kwa fundi ukaenda zako, unaweza kulikuta jioni limetengenezwa, hata limeoshwa, na masega hayamo. Ndiyo maana watu wa Dar hawaachi gari gereji. Wanakaa nalo. Pale Tabata palikuwa na benchi ndefu, wanaume wazima wamejipanga wakizikodolea macho boneti zao kama wazazi nje ya chumba cha upasuaji. Baba akajibana katikati yao.

"Mie hapa sibanduki," akaniambia.

Aliyebanduka ni mimi. Nilikwenda kwenye duka la spea nikarudi, nikaenda kununua maji nikarudi, nikamuuliza fundi maswali mpaka akaniambia, "Sista, ukikaa itaisha, na usipokaa itaisha." Nikakaa. Nikasimama tena. Ukaguzi ulikuwa Jumatatu.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, baba akaniachia zamu akaenda kuswali msikiti wa jirani. Hapohapo mafundi wakalisukuma gari letu kwa mchomeleaji, nyuma ya kontena. Nikalifuata kama nilivyoagizwa, nikasimama palepale cheche zikiruka, mpaka nikaona bomba jipya limeshika na masega yamo. Nikarudi mbio benchini kumwita baba aje aone.

Alikuwa ameshatoka msikitini, amekaa. Mgongo wima, mikono juu ya magoti, macho mbele. Mbele yake, mahali lilipokuwa gari letu, palikuwa na gari jingine. Lilikuwa jeupe kama letu, lakini letu ni dogo la kawaida, na lile lilikuwa refu, gari la kupakia familia nzima, na ubavuni lilikuwa na tangazo la maji ya kunywa kwa herufi za buluu kubwa kama sahani. Fundi mwingine akaja akafungua boneti yake.

"We! Unafungua nini hapo?" baba akapaza sauti. "Mie nalinda hapa, unadhani silioni?"

Benchi nzima ikageuka. Fundi yule akamtazama mzee, akalitazama gari, akanitazama mimi niliyesimama nyuma. Nikatikisa kichwa. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"Naangalia oili tu, mzee wangu," akasema taratibu. "Sichukui kitu."

"Haya, angalia. Lakini macho yangu yapo hapohapo."

Hakuna aliyecheka. Ningempiga mtu siku ile kama angecheka. Nikakaa kwenye tairi bovu, na mchezo wetu wa taa ukanirudia kichwani wote, makutano yote, miaka yote, nikaelewa kwamba mzee hakuwa akinifundisha kitu. Alikuwa anauliza.

Gari lilipoletwa nilimshika mkono nikampeleka mpaka mlangoni, nikijifanya nataka aone kazi ya fundi. Akaliwasha. Likawaka bila kelele. Alitabasamu mpaka nikaona magego.

"Niendeshe mie leo, baba?"

"Kwa nini? Mie nimechoka?"

Nilipanda pembeni yake. Njia nzima nilitaja kila kitu kwa sauti ya mtu anayepiga soga tu: ona bodaboda ile inavyojipenyeza, ona mama yule na ndoo yake anavyokata barabara. Naye aliitikia, "Namwona, namwona," na alipunguza mwendo baada ya mimi kusema, si kabla. Tulifika nyumbani nguo zimenigandia mgongoni.

Kaka alipiga simu. "Limepona?" Nikamwambia limepona. Mdomo wangu huwa hauna breki, lakini siku hiyo ulifunga. Jumapili nzima nilifua nguo safi. Nikisema, namnyang'anya baba gari kwa mkono wangu. Nikinyamaza, kuna mtoto wa mtu mahali atakatiza barabara nikiwa sipo kumtaja. Nilikuwa nikimtazama akifuta vioo kwa tambara, kioo kilekile mara mbili, na hasira ikanijaa bila kumpata wa kumwangukia.

Jumatatu nikapanda naye kwenda uwanja wa ukaguzi. Nilitaja, nilitaja, mpaka sauti ikakauka.

Afande aliyetukagua alikuwa mtu mzima, mwenye subira. Aliinama nyuma ya gari, akaweka kiganja karibu na mdomo wa ekzosi, akaomba mafuta yakanyagwe. Baba akakanyaga. Afande akasikiliza, akachungulia chini, akainuka anapangusa goti.

"Safi sana, mzee. Moshi hamna, kelele hamna."

Akakagua taa, honi, matairi, mtungi wa kuzimia moto. Vyote vizima. Nilitaka kushangilia, nikajizuia, maana nilijua sasa hakuna wa kumzuia baba isipokuwa mimi.

"Limepita," afande akasema. "Lisogeze pale mbele, nyuma ya lile jekundu, upewe stika."

Baba akatia gia. Gari halikuondoka. Mbele yetu watu walikuwa wanapita huku na huku, madereva wenye funguo mikononi, mama ntilie na sinia la vitumbua kichwani. Baba akainama kidogo kuelekea kwangu, kwa sauti ambayo afande asingeisikia.

"Jekundu liko wapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mbele, kushoto kidogo, taratibu. Ningeweza kumfikisha, kama nilivyomfikisha kutoka Segerea mpaka pale. Nilimwangalia mama wa vitumbua, amesimama katikati ya njia anarudishiana maneno na mteja.

"Baba," nikasema, "kuna watu."

Alingoja niendelee. Sikuendelea. Akatoa gia, akavuta hendibreki, akazima. Akachomoa ufunguo akauweka kwenye mapaja yangu, kwa upole, akafungua mlango. Alizunguka mbele ya gari huku kiganja chake kikiteleza juu ya boneti asije akapotea njia.

"Vipi mzee?" afande akauliza.

"Dereva ni huyu," baba akasema. "Mie nilikuwa nalipasha moto tu."

Nilihamia kiti chake, bado kina joto. Kioo cha mbele kilikuwa chote maji mbele yangu na sikuweza kuona wala jekundu wala jeupe. Baba alifunga mlango wake, akavuta mkanda, akanisikia nikivuta kamasi.

"Futa machozi kwanza," akasema. "Dereva lazima aone."

Nikajifuta kwa ncha ya mtandio, nikatia gia.