Kompyuta Iliyozimika: Kutoka Kamina hadi Lubumbashi na Kurudi

Niliondoka Kamina kwa sababu ya kompyuta. Nasema hili mapema kwa kuwa walioniona stesheni asubuhi ile, nimefunga kitu kifuani kwa kitenge kama mtoto mchanga, walisema mengi. Wengine walisema Mwamini anakimbia vita. Wengine walisema nimefuata mwanamume. Kilichokuwa ndani ya kitenge kilikuwa mashine, na nilikuwa naipeleka kwa waliotuuzia ili watupe nyingine.

Miaka ile nchi ilikuwa imekatwa vipande. Kamina tulikuwa upande wa serikali. Kindu, na vijiji vyote walikotoka babu zetu, vilikuwa upande wa pili, wa waasi, na reli ya kwenda kule ilikuwa imefungwa. Sisi wa familia za Maniema, tuliokuwa tukiuza vitenge na chumvi sokoni, hatukujua nani wa kwetu bado anapumua. Wake wa wanajeshi kule Base ya Kamina nao walikuwa hivyohivyo: waume wamepelekwa mstari wa mbele, wazazi wamebaki mikoa ya mbali, Ekwateri au Bandundu, na hakuna barua inayofika. Basi tukaungana, wanawake wa soko na wanawake wa kambi, tukanunua kompyuta ya mkononi kutoka duka moja la Lubumbashi. Fundi wa redio aliyeitwa Ilunga aliiunganisha kwa waya na fonia ya parokia, ile redio ya kuongelea mbali, na barua zikaanza kwenda na kurudi kwa njia ya hewa. Ndani yake aliweka Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kwa sababu hailipiwi na ilikubali kuelewana na redio ile. Alinifundisha kwa bidii, kisha akahamia Kinshasa. Nikabaki mimi na mashine.

Haikupita muda mrefu ikaanza kuzimika. Mama amesimama mbele yangu, barua ya mumewe imefika nusu, mara kioo kinakuwa cheusi. Nawasha, inakaa kidogo, inazimika tena. Siku nyingine inakataa kabisa hadi jua litue. Wanawake walianza kurudi nyumbani bila habari, na wengine walianza kunong'ona kwamba nimeiharibu.

Nilililalamikia duka kwa fonia. Aliyenijibu alikuwa Bwana Mwepu, fundi wao wa kuwasikiliza wateja. Sikuwahi kumwona, nilimjua kwa sauti tu. Kila asubuhi, hewa ikiwa safi, tulikuwa tunaongea, na kila aliyemaliza alisema "Kwako" kumpa mwenzake zamu.

"Mama Mwamini, yambo. Tuanze tena pale tuliachia. Toa batri kwanza. Kwako."

"Nimetoa. Kwako."

"Sasa washa na kurani tupu, umeme wa waya bila batri. Inafanya nini? Kwako."

Alinifanya nitoe betri, nirudishe betri, nibadilishe waya, nisafishe matundu ya pembeni kwa brashi. Hakuna siku aliyopandisha sauti. Nami sikupandisha yangu, ingawa kuna asubuhi nilitamani kuitupa mashine kisimani. Fonia haina siri: vituo vyote vya njia ya reli vilikuwa vinatusikia, na ugonjwa wa kompyuta ya Kamina ukajulikana kama ugonjwa wa chifu.

Mwishowe akaniambia, "Mama, minyi nimefika mwisho wa yenye naweza kufanya ku redio. Leta mashini. Kama bugonjwa iko mu mashini yenyewe, tutakupatia ingine. Garanti ingali hai."

Wanawake wakakubaliana niende. Mama Bolumbu, mke wa sajenti kule Base, alinisindikiza hadi behewani. Alikuwa hajapata neno la mumewe tangu majira ya mvua yaanze. Alikaza fundo la kitenge changu mgongoni.

Treni ilitoka Kamina mchana, imejaa hadi juu ya paa. Ilikuwa inakwenda kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya, inasimama porini, inapiga honi, inasogea. Nilikaa juu ya gunia la mihogo mikavu, mashine mapajani.

Bukama tulilala si kwa kupenda. Kichwa cha treni kilikufa kabla hatujavuka mto, tukaambiwa tungojee kingine kije kutoka Luena. Harufu ya samaki wa kukaushwa ilikuwa imetanda kila mahali, na mitumbwi ya Lualaba ilikuwa inashusha vikapu karibu kabisa na reli. Nilisimama mbele ya mama mmoja kuuliza bei ya samaki. Akaacha kupanga samaki wake, akanikazia macho.

"Sema tena," akasema.

"Nauliza hawa samaki..."

"Minyi najua hii sauti! Weye njo Mama wa Kamina, ule wa kutoa batri na kurudisha batri!"

Alikuwa Mama Mujinga. Asubuhi alikuwa akishika fonia ya kituo cha afya, mchana anauza samaki. Alicheka hadi majirani wakaja, akawaambia wote mimi ni nani. Alinipeleka kwake, akanipa bukari, ugali wetu, na samaki wa mchuzi, na mumewe, mzee wa Kiluba mwenye adabu nyingi, alinipisha kiti chake. Nilipomshukuru alijibu "Eyo vidye", jibu la Kiluba la kumheshimu mkubwa, na kuinamisha kichwa, kama vile mimi ndiye mkubwa.

"Bantu ya hapa banafuata habari yako," Mama Mujinga aliniambia tukila. "Bengine banasema utachoka. Minyi nilisema hapana, ule mama hachokake."

Nilikula vizuri, na kesho yake nilipanda treni mgongo umenyooka.

Luena tulifika jua likiwa kali sana. Vumbi la makaa ya zamani lilikuwa jeusi hadi miguuni. Wanajeshi walitushusha wote, tukafungua mizigo juani, kwenye changarawe ya reli. Mmoja, koplo mwenye macho mekundu kwa uchovu, alifungua kitenge changu.

"Hii njo nini?"

"Kompyuta, shefu. Naipeleka ku Lubumbashi, iko mugonjwa."

"Washa."

Nikawasha. Wanaoijua Linux wanajua inavyoamka: kioo cheusi, na maneno meupe yanashuka mbio kama mvua, mistari juu ya mistari. Koplo akarudi nyuma hatua moja na kushika bunduki yake vizuri.

"Hii ni kodi, maneno ya siri ya adui! Unapelekea nani habari?"

Watu walionizunguka wakasogea mbali. Nilijua wenye kukamatwa na redio porini walikuwa wanapelekwa wapi. Nikajilazimisha kuongea polepole, nikimwonyesha kwa kidole: hapa mashine inahesabu kumbukumbu zake, hapa inatafuta diski yake, hapa inaangalia kama ina mahali pa kuandikia. "Ni kama mutu anaamuka, shefu. Anagusa kichwa, anagusa miguu, anaangalia kama yote iko."

Akainama, akasogeza uso, akaweka kidole chake mwenyewe juu ya kitufe. Palepale kioo kikazimika. Giza.

Koplo akaondoa mkono haraka. "Minyi nimeiua?"

"Hapana, shefu. Iko vile. Njo bugonjwa yake."

Alinitazama, akaitazama mashine, kisha akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Alinifungia kitenge yeye mwenyewe. "Enda, mama. Bakupatie ya muzima."

Lubumbashi nilifikia kwa binamu yangu, na kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni mwa duka kabla halijafunguliwa. Bwana Mwepu alikuwa mtu mfupi mwenye miwani na sweta. Sweta, Lubumbashi, wakati wa joto! Nikaelewa nilipoingia: ofisi yao ilikuwa na mashine ya kupoza hewa, baridi kama asubuhi ya mwezi wa sita. Tulisalimiana kwa mikono miwili kama ndugu waliopoteana.

Aliweka kompyuta yangu mezani, akaiwasha. Haikuzimika. Tuliingoja hadi duka likafungwa, inawaka tu. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata mwenye duka, aliyekuwa anaitwa Patro na kila mtu, akashuka kutoka ghorofani.

"Mama, mashini iko muzima," akasema. "Kisha mulibadirisha sisitemu, mulitia hii Linux. Kama kuko tabu, iko mule. Garanti ilikufa siku mulibadirisha."

Nilihisi machozi yanakuja. Nikayameza. Niliwaza wanawake wa Kamina wakiniona narudi na mashine ileile, nikajua kwamba hasira yangu haitawasaidia kitu. Nikamwambia, "Patro, sikatai unavyosema. Naomba unionyeshe. Kama ni Linux, nitarudi na mashine yangu na sitasumbua tena."

Bwana Mwepu akakohoa. "Patro, tupatie siku moja." Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu. "Mama, acha mashini kwanza. Unielezee weye. Ku Kamina unakaa wapi wakati inazima? Na mu njia, ilizima?"

Nilimweleza chumba chetu cha mabati, ambamo saa sita mchana hata mshumaa unalegea. Nilimweleza habari ya Luena, koplo, jua, changarawe. Kabla sijamaliza, alikuwa ameshavua sweta.

"Tunaiweka mu baridi," akasema polepole. "Tunaiweka mu baridi, halafu tunasema imepona."

Akatoa kutoka kabatini kompyuta nyingine ya aina ileile. Akafungua zote mbili chini, akazibadilishanisha diski: Linux yangu ikaingia katika mashine ya duka, na diski ya duka, yenye sisitemu yao, ikaingia katika mashine yangu. Tukazibeba zote uani, chini ya paa la mabati la gereji. Patro mwenyewe akaja na kiti. Wafanyakazi wakaacha kazi. Tulikaa pale tukitokwa na jasho kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira.

Mashine yangu ikazimika. Wakaiwasha, ikazimika tena. Ile ya duka, yenye Linux yangu ndani, iliendelea kuwaka hadi jua lilipopita upande wa pili wa ukuta.

Patro alifuta paji la uso. Hakugeuza maneno wala kutafuta njia ya kutokea, na kwa hilo namheshimu hadi leo. "Ni mashini yetu iko mugonjwa," akasema. "Mwepu, patia mama mupya."

Ile mpya ilikuja ndani ya sanduku lake, na ilikuwa na sisitemu ya dukani. Mwepu aliniuliza kama nahitaji msaada wa kuweka Linux. Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimebeba sidii za kuwekea Linux, alizoniachia Ilunga, ndani ya Kurani ya shangazi yangu ili zisikwaruzwe. Nilikaa mezani nikaanza. Maneno meupe yakashuka, nami nayajibu moja baada ya jingine, na nyuma yangu nikasikia viti vinasogezwa. Nilipogeuka, duka zima lilikuwa limesimama kunitazama.

"Mama, ulisomea wapi hii?" Patro akauliza.

"Ku Kamina," nikasema. "Ku mashini yenye kuzima. Kila ilipozima, nilianza upya."

Walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimesimama wima kama bendera.

Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda, kwa sababu reli ilikuwa inatumikia jeshi kwanza. Luena hatukushushwa. Bukama Mama Mujinga alinitupia samaki wawili kupitia dirisha treni ikitembea. Stesheni ya Kamina walikuwa wamekuja, wa sokoni na wa kambini, na hawakuniacha hata ninawe miguu. Tulikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mabati. Nikaunganisha waya wa fonia, nikawasha, nikangoja. Saa za joto zilikuja zikapita. Barua zilizokuwa zimekwama zikaanza kuteremka.

Ya nne ilikuwa ya Mama Bolumbu. Ilitoka kwa mumewe, kutoka hospitali ya mbali. Niliisoma kwa sauti kwa sababu yeye hakusoma Kifaransa. Mumewe alisema yuko hai. Alisema mguu wa kulia umekatwa. Mama Bolumbu alikaa chini, akashika miguu yake yote miwili kwa mikono yake.

"Mguu moja," akasema. "Mguu moja tu. Soma tena pale anasema iko muzima."

Nikasoma tena. Nikasoma hadi akaridhika.

Nilijifunza kwamba kupata haki yako ni kazi kama kazi nyingine. Inataka ueleze tabu yako ilivyo, bila kuongeza na bila kuficha, na umpe mwenzako nafasi ya kuwa mtu mwema. Sikuwa najua hayo nilipofunga kile kitenge.

Mwaka uliofuata duka lile liliniomba niwe msikilizaji wao wa wateja kwa upande wetu wote, kwa fonia. Nilikubali. Siku yangu ya kwanza, mwalimu mmoja wa Kabongo aliingia hewani akifoka: duka ni wezi, mashine ni takataka, na mimi mwanamke najua nini. Nikaketi vizuri, nikamwacha amalize. Kisha nikabonyeza kitufe.

"Yambo, mwalimu. Minyi ni Mwamini. Niko hapa, na siendi fasi yoyote. Tuanze. Kwako."